Mwalimu wa Kemia amenikisia C: nimwombe aipandishe?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 18, nasoma A-Level ya Cambridge hapa Dar es Salaam: Hisabati, Fizikia na Kemia. Mwakani nataka kwenda Uingereza kusoma uhandisi wa kemikali. Shule imetoa gredi tarajiwa zitakazopelekwa UCAS, chombo kinachopokea maombi ya vyuo vya Uingereza: Hisabati A, Fizikia B, Kemia C. Vyuo ninavyovitaka vinadai AAB. Baba amekasirika. Anasema mtihani bado miezi minane, hiyo C wameitoa wapi? Anataka kwenda kwa mkuu wa shule ibadilishwe. Rafiki yangu wa shule nyingine amekisiwa A zote tatu, na tukifanya maswali pamoja mimi ndiye ninayemwelekeza. Je, nimwombe mwalimu anipandishie? Au nisubiri matokeo yatoke ndipo niombe chuo?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nianze na baba, maana naona yeye ndiye anayekunyima usingizi kuliko hiyo C.

Mshangao wake una msingi. Yeye, kama mimi, amezoea utaratibu wa Baraza la Mitihani la Tanzania: Kidato cha Sita wanafanya mtihani Mei, matokeo yanatoka Julai, ndipo mtoto anaomba chuo akiwa na namba yake ya mtihani na alama zake mkononi. Hakuna anayemuuliza mwalimu anadhani nini. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, kazi imekwisha. Uingereza mambo yamepangwa kinyume. Maombi yanapelekwa kati ya Septemba na Januari, mtihani ni Mei na Juni, matokeo ni Agosti, na Septemba au Oktoba chuo kimefunguliwa. Wiki hizo chache za Agosti hazitoshi kupima maombi yote tangu mwanzo, kwa hiyo vyuo vinaamua mapema kwa kulitegemea neno la mwalimu. Wenyewe wameulalamikia sana utaratibu huo. Mwaka 2021 serikali yao ilikusanya maoni juu ya kuhamia kwenye udahili wa baada ya matokeo kama wetu, na Februari 2022 ikatangaza kwamba imeachana na mpango huo. Mweleze baba hivyo: hajakosea kuuona ni utaratibu wa ajabu, lakini ndio uliopo.

Sasa hiyo C yenyewe. UCAS wanaieleza gredi tarajiwa kuwa ni ile ambayo shule inaamini mwanafunzi anaweza kuifikia mambo yakimwendea vizuri. Uyashike hayo maneno ya mwisho, kwa sababu wengi wanadhani mwalimu anaandika gredi ya leo kisha anamwachia mtoto nafasi ya kupanda. Sivyo. Nafasi ya kupanda inatakiwa iwe imekwishahesabiwa ndani yake. Mwalimu akikuandikia C anasema: hata ukisoma vizuri mpaka Mei, naona C. Ni kauli nzito, na una haki kabisa ya kuuliza imetoka wapi.

Mara nyingi inatoka kwenye AS, yaani mtihani wa awamu ya kwanza ya A-Level. Hukunitajia matokeo yako ya AS ya Kemia, lakini nimefundisha Kemia hiyo zaidi ya miaka 20 na nina hakika mwalimu wako alianzia hapo. Kwa mtu aliyeufanya mtihani kwa awamu mbili kama mlivyofanya ninyi, AS ni nusu ya A-Level nzima. Karatasi za kwanza, pili na tatu zimekwishafanywa na alama zake zinakusubiri. Zimebaki ya nne na ya tano. Chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme kwenye AS ulipata 58 kwa 100, na kizingiti cha A mwakani kikawa 74. Ili uifikie A, nusu iliyobaki unatakiwa upate 90. Kizingiti cha B kikiwa 64, unatakiwa upate 70. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano, na vizingiti halisi hubadilika kila msimu, lakini umbo la hesabu ndilo hilo. Kutoka 58 kwenda 70 ni kazi ya mwanafunzi aliyeamua. Kutoka 58 kwenda 90, tena kwenye karatasi ya nne ambayo ni ngumu kuliko zote, nimewahi kuiona, lakini ni mara chache mno.

Kaa na karatasi yako halisi ya matokeo, yenye alama na si herufi peke yake, uipige hesabu hiyo hiyo. Ukishaipata namba unayoihitaji kwa B, tayari unajua kama una la kumwambia mwalimu au huna.

Ikiwa unalo, nenda kwake wewe mwenyewe, si baba. Usianze kwa kusema chuo kinataka AAB. Walimu wanaelekezwa wasipange gredi tarajiwa kwa kutazama masharti ya chuo, wala kwa shinikizo la mzazi, na mwalimu mwadilifu akisikia sentensi hiyo anafunga masikio. Muulize maswali mawili: ushahidi gani ulikufanya uandike C, na ushahidi gani ungekufanya uandike B? Kisha nyamaza, umsikilize. Akikuambia ni jaribio la mwisho wa muhula, au mtihani wa majaribio, ule tunaouita moko, omba afanye jambo moja: akupe karatasi ya nne ya mwaka mmoja uliopita uifanye chini ya usimamizi, kwa saa, aisahihishe mwenyewe. Tarehe iwe kabla ya fomu kutumwa. Nimewafanyia hivyo wanafunzi wengi na sijawahi kuona ni usumbufu. Mwanafunzi anayeomba kupimwa upya ananipa kitu cha kusimamia. Anayeomba kuhurumiwa hanipi kitu.

Hili la kuhurumia nalijua kwa machungu, na nitakueleza ili baba naye alisome. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na binti darasani, mchapakazi, mwenye adabu, B ya Kemia isiyotikisika. Baba yake alikuja mara tatu. Mara ya tatu alikuja na mama. Nikaandika A. Nilijiambia kwamba ninampa binti nafasi, na kweli vyuo vikamkubali kwa masharti: chaguo lake la kwanza AAA, la akiba AAB. Agosti akapata A, B, B. Zilikuwa gredi nzuri, gredi za kumtosha chuo kizuri tu cha uhandisi, ila hakuwa ameomba chuo kama hicho, kwa sababu A yangu ilimpeleka kuomba vya juu peke yake. Alipoteza viwili vyote siku moja. Zile B alizistahili, wala hakuna aliyemwonea kwenye mtihani. Mimi ndiye niliyemwonea, Oktoba ya mwaka wa nyuma, kwa kumpandishia.

Nimekosea upande wa pili pia. Kulikuwa na kijana mkimya wa nyuma ya darasa, daftari chafu, kazi za nyumbani hazikamiliki. Nilimwandikia C akaja kupata A. Aliomba vyuo kulingana na C yangu, akaenda huko. Sikuupima ujuzi wake wa Kemia, nilipima unadhifu wake. Kwa hiyo usidhani natetea walimu. Tunakosea, na tunakosea sana. Mwaka 2016 mtafiti Gill Wyness wa London alichapisha uchunguzi juu ya waombaji wa vyuo wa Uingereza waliofanya A-Level: ukizichukua gredi tatu bora za kila mmoja, ni 16 tu kwa kila 100 waliopata kile walichokisiwa. Watu 75 kwa 100 walikuwa wamekisiwa juu kuliko walichokuja kupata. Waliokisiwa chini ni wachache, lakini miongoni mwa wanafunzi waliofaulu sana, waliotoka familia zenye kipato kidogo ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kukisiwa chini. Kijana wangu wa nyuma ya darasa alikuwa mmoja wao, nami sikuliona hilo mpaka nilipousoma utafiti huo.

Kwa hiyo kuhusu rafiki yako mwenye A tatu: usipimane naye. Huenda shule yao ina mazoea ya kukisia juu. Ni furaha ya miezi michache, kisha Agosti kila mtu anasimama na alama zake. Uzuri ni kwamba vyuo navyo vinalijua jambo hili. Vinajua sehemu kubwa ya makisio ni ya juu, ndiyo maana vinatoa nafasi kwa masharti, na ndiyo maana baadhi yake, kiti kikiwa bado kipo Agosti, humpokea mtu aliyepungukiwa gredi moja. Usiliwekee mipango hilo, lakini lipo.

Mwaka 2020 ulionyesha jinsi neno la mwalimu lilivyo jepesi na zito kwa wakati mmoja. Mitihani ilifutwa kwa sababu ya korona. England walimu wakatuma makadirio yao, mamlaka ya mitihani, Ofqual, ikayapitisha kwenye hesabu ya kompyuta, na matokeo yalipotangazwa tarehe 13 Agosti karibu gredi 40 kwa kila 100 zilikuwa zimeshushwa chini ya zile za walimu. Vijana wakaingia barabarani, na tarehe 17 Agosti serikali ikarudi nyuma, ikakubali gredi za walimu. Cambridge International, wanaosimamia mtihani wako, nao wakafanya vivyo hivyo muda mfupi baadaye. Wapo watoto wa Dar es Salaam na Nairobi ambao A-Level yao mpaka leo imesimama juu ya kile mwalimu alichoandika mwaka huo. Tangu wakati huo, kila ninapoandika gredi tarajiwa, kalamu inanitetemeka kidogo.

Turudi kwako. Tuseme umefanya jaribio, mwalimu kapandisha Kemia ikawa B. Una ABB. Au tuseme imebaki C, una ABC. Yote mawili yanakupeleka chuo, na hapa ndipo napenda uweke nguvu zako kuliko kwenye vita ya herufi moja. Fomu ya UCAS inakupa nafasi tano. Wanafunzi wetu huzijaza zote tano kwa majina makubwa waliyoyasikia kwa binamu. Jaza hivi: kimoja kinachodai juu kidogo ya gredi zako tarajiwa, viwili vinavyolingana nazo, viwili vilivyo chini yake kweli kweli, ambavyo ungekwenda bila kulia. Mwishoni utabakiza viwili, cha kwanza na cha akiba. Kosa ninaloliona kila mwaka ni akiba inayodai karibu sawa na cha kwanza, kama yule binti. Akiba ya namna hiyo ni mwavuli uliotoboka.

Halafu soma masharti kwa makini, maana baadhi ya vyuo havidai herufi, vinadai pointi za UCAS. A ni pointi 48, B ni 40, C ni 32. ABC yako ni pointi 120. BBB nayo ni 120. Kwa hiyo chuo kinachosema pointi 120 kinakutazama wewe na mwenye BBB sawasawa, isipokuwa kimeongeza kwamba Kemia iwe B. Kwa uhandisi wa kemikali uangalie sana kipengele hicho: Hisabati wanaidai karibu wote, ila kuhusu Kemia wanatofautiana. Wapo wanaoitaka, na wapo wanaokubali Kemia au Fizikia. Kwa gredi zako, hao wa pili ndio wa kuwatafuta kwanza. Zipo pia kozi zenye mwaka wa msingi ndani yake, kwa mwenye gredi za chini zaidi. Kwako naona hujafika huko.

Kama kulikuwa na sababu ya AS kwenda vibaya, labda malaria wiki ya mtihani, au msiba nyumbani, au mwalimu aliondoka katikati ya mwaka, mwambie anayeandika maelezo yako ya shule. Maelezo hayo sasa yana sehemu tatu, na moja imetengwa mahsusi kwa mambo yaliyomwathiri mwanafunzi. Hapo ndipo mahali pake. Gredi yenyewe isiguswe kwa sababu hiyo. Msomaji wa chuo ataiona C na sababu yake pamoja, na hilo lina uzito kuliko B isiyo na maelezo. Wala usifiche AS. UCAS wanataka kila mtihani ulio na matokeo uandikwe.

Unaweza pia kurudia AS ya Kemia mwezi Oktoba na Novemba. Muulize ofisa wa mitihani wa shule leo, si wiki ijayo, kwa sababu usajili wa msimu huo hufungwa mapema na ukichelewa unalipa faini. Matokeo yake hutoka Januari. Yakiwa mazuri na fomu imeshaondoka, wewe huwezi kubadilisha gredi tarajiwa kwenye mfumo. Shule ndiyo itakayoviandikia vyuo moja kwa moja, kimoja baada ya kingine. Inawezekana, na inasaidia pale chuo kinapokuwa hakijaamua.

Tarehe usizichezee. Oxford, Cambridge, udaktari na udaktari wa mifugo mwisho ni 15 Oktoba, saa 12 jioni ya Uingereza, ambayo kwetu wakati huo ni saa 2 usiku. Wewe hapo si mhusika. Tarehe yako ni ya Januari. Kwa walioomba kuanza 2026 ilikuwa tarehe 14, saa 12 jioni ya kwao, saa 3 usiku ya kwetu. Lakini shule nyingi hapa hujiwekea tarehe yao ya ndani, Novemba au mapema zaidi, na hiyo ndiyo inayokubana.

Sasa, kusubiri. Unauliza kama uombe baada ya matokeo. Naliheshimu swali hili, na kwa baadhi ya wanafunzi ndilo jibu langu. Mtu mwenye gredi zake mkononi hahitaji makisio ya mtu yeyote. Kama hesabu ya ile nusu iliyobaki inakuambia B iko karibu, na mwalimu anashikilia C, na kile chuo unachokipenda kwa dhati hakikubali chini ya B, basi kukaa mwaka mmoja ukaomba na matokeo halisi si aibu. Ila usiufanye uamuzi huo sasa. Omba mwaka huu, kwa gredi zako za kweli. Agosti ukipata zaidi ya ulivyokisiwa, unaweza kuiacha nafasi uliyonayo ukaingia Clearing, ule utaratibu wa UCAS wa kujaza viti vilivyobaki, au ukaiacha kabisa ukaomba upya. Ukianza kwa kusubiri, umejinyima yote hayo.

Kuhusu Clearing nikutahadharishe kwa sababu unatoka Tanzania. Mtoto wa Leeds akipata kiti tarehe 20 Agosti anapanda treni. Wewe unahitaji viza. Chuo hakikupi namba ya udhamini wa viza mpaka masharti yote yametimia, fedha za ada na matumizi ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na cheti cha kipimo cha kifua kikuu kinatakiwa kwa anayetoka Tanzania kwa zaidi ya miezi sita. Fedha na kipimo vinaweza kuandaliwa Julai, kabla ya kujua unakwenda wapi. Hiyo ndiyo kazi nzuri ya kumpa baba badala ya safari ya kwa mkuu wa shule. Ana hasira yenye nguvu, na nguvu hiyo inafaa benki.

Jambo dogo la mwisho, ambalo limewahi kuwagharimu wanafunzi wangu siku mbili tatu za mwezi Agosti. Cambridge hupeleka matokeo yako UCAS wenyewe, kwa kulinganisha taarifa zako. Sisi tuna majina matatu, na pasipoti, usajili wa mtihani na fomu ya UCAS mara nyingi havisemi kitu kimoja: huku jina la babu lipo, kule halipo. Vilinganishe sasa hivi, herufi kwa herufi.

Nenda kwa mwalimu wako wiki hii, wakati wa chai ya saa 4, na karatasi ya AS mkononi. Ukishaifanya karatasi ya nne uniandikie alama ulizopata, ziwe zozote, tuvipange hivyo vyuo vitano pamoja.